Mlio wa Kukatiwa

Judith hakubisha hodi. Alisukuma mlango wa mapokezi kwa bega, akawapita madereva wawili waliokuwa wanasubiri karatasi za safari, akaenda moja kwa moja hadi kwenye meza ya Zakia na kuweka juu yake kiatu cha mguu wa kushoto. Kilikuwa buti la kazi, jeusi, limegandwa na tope la barabara ya Ndalambo hadi kwenye matundu ya kamba.

"Mume wangu Aliko hana kazi nacho tena," alisema. "Madaktari wamemaliza juzi. Wamekata juu ya goti. Kaa nacho wewe, uliyekuwa unaongea na mabwana zako wakati watu wanakupigia."

Zakia alisimama. "Mama Tupo, pole sana. Wallahi mimi siku ile—"

"Usiniapie! Mara kumi na tisa wamepiga. Namba waliisoma kwenye mlango wa gari, mmeiandika wenyewe kwa rangi nyeupe, kubwa, hata mtoto wa chekechea angeisoma. Saa moja wanapiga, inatumika. Saa mbili, inatumika. Saa tatu, inatumika. Mume wangu kabanwa mguu, damu inamtoka, na gari la winchi limeegeshwa hapo nje kwenye yadi yenu. Ulikuwa unaongea na nani, Zakia? Nitajie jina lake tu."

Judith akaongeza sentensi moja fupi kwa Kindali, lugha ya kwao. Zakia, mtu wa Kondoa, hakujua hata neno moja katika maneno yale, lakini aliyaelewa yote. Madereva wawili walitazama sakafu mpaka mama yule alipotoka, kisha wakamtazama yeye.

Ofisi ilikuwa ya Abdulrahim, msafirishaji wa Tunduma ambaye kila mtu alimwita Haji. Zakia alikuwa amepokea simu pale kwa miaka kumi na minne. Mawakala wa bandarini Dar es Salaam waliijua sauti yake kuliko sura yake. Wafanyabiashara wa Nakonde walimsalimu kwa "Mulishani" na yeye akawajibu kwa Kibemba chake kibovu, wakacheka, biashara ikaenda. Enzi hizo mezani pake kulikuwa na simu nne za zamani, kila moja na laini yake lakini zote kwa namba moja, ya kwanza ikitumika simu inaingia ya pili, na sikio lake lilizoea milio yote: ule mrefu wa laini iliyo tayari, ule wa kuita, ule wa polepole wa mtu anayeongea na mwingine, na ule wa haraka wa mtu aliyekukatia. Hakuwahi kufundishwa. Aliijua tu, kama mpishi anavyojua mafuta yamechemka bila kuyagusa.

Kisha akaja Masudi, mtoto wa dada yake Haji, kutoka Mbeya, na kisanduku chake. Mwenyewe alikiita getiwei. Kazi yake ilikuwa kuzichukua zile laini nne za mezani na kuzigawa kwenye simu mpya za kompyuta zilizowekwa ofisini, gereji na getini. Kilikuwa na taa nne ndogo usoni. Laini ikitumika, taa yake inawaka nyekundu, ikiachwa, inazimika. Mpokeaji asipopokea, mashine inapokea badala yake. Masudi alimkalisha Zakia chini akarekodi maneno kwa sauti yake mwenyewe: "Karibu. Kwa sasa hatuwezi kupokea simu yako. Tafadhali acha ujumbe."

Wiki ya kwanza tu mambo yalienda kombo. Zakia akiingia asubuhi anakuta taa mbili, tatu, zinawaka na hakuna anayeongea. Akinyanyua simu, kimya. Wateja wakimpata kwa simu ya mkononi wanagomba: mbona ofisi yenu inatumika siku nzima? Alimweleza Masudi, akaambiwa azime kisanduku na kukiwasha. Akafanya hivyo kila asubuhi kwa miezi mitatu, na mara nyingine tena mchana. Alilalamika kwa Haji mara tatu. Mara zote tatu Haji alimpigia mpwa wake, na mpwa akasema mama yule anaogopa teknolojia.

Siku moja kabla ya ajali, Masudi alimpigia akiwa amekasirika. "Nani kakwambia uzime mashine kila siku? Unaiunguza! Ikifa utainunua wewe." Zakia akamkumbusha kwamba ni yeye aliyemwambia. Masudi akakata simu, na jioni Haji mwenyewe akapita mapokezi na kusema mbele ya watu, "Zakia, kile kisanduku usikiguse tena. Umesikia?"

Alisikia. Na hapo ndipo palipokuwa na jambo ambalo Judith hakulijua, wala mtu mwingine yeyote.

Ijumaa ile Zakia aliingia saa moja na nusu asubuhi, akakuta taa zote nne nyekundu. Mkono wake ulienda kwenye swichi kwa mazoea, kisha ukasimama. Usikiguse. Haya. Wanataka kisiguswe, hakitaguswa. Wakose wateja siku nzima, labda watajifunza. Akachemsha chai, akachukua simu yake ya mkononi, akampigia dada yake Kondoa, wakaongea habari za shamba la marehemu baba yao na za shemeji asiyeeleweka. Simu za ofisi zilinyamaza kabisa, na kimya kile kilimpendeza. Alikifurahia, na hilo ndilo lililomsumbua baadaye kuliko yote. Ilipofika saa nne, mtu wa gereji alikuja kulalamika, na Zakia akazima kisanduku na kukiwasha kwa hasira. Hazikupita dakika tano, simu ikalia. Mtu wa Ndalambo, sauti imemkauka, akasema gari lenu limelala mtaroni tangu alfajiri, dereva yumo ndani, simu yake imepondeka, polisi wamefika lakini hawana cha kunyanyulia.

Gari la winchi lilifika huko mchana.

Alasiri ya siku ile Judith alipokuja, Haji alimwita Zakia ofisini kwake na kumkabidhi barua ya kujieleza. Alikuwa mzee mnene, mpole kwa wateja, na hakumkaribisha kiti.

"Nimekulea hapa miaka kumi na minne," alisema. "Umeniaibisha. Tunduma nzima inasema Haji kamuua dereva wake kwa sababu ya umbea wa mwanamke."

"Aliko hajafa, Haji."

"Unanisahihisha?"

"Nakwambia kisanduku kinashika laini. Nilikwambia mara tatu."

"Masudi anakuja keshokutwa kukikagua. Akisema kizima, Ijumaa unakabidhi funguo." Aliinua kidole kuelekea mlangoni. "Na kile kiatu kitoe mezani. Wateja wanauliza."

Zakia alikitia kwenye mfuko akakipeleka stoo. Mkononi kilikuwa kizito kuliko alivyotarajia.

Masudi alifika Jumatano asubuhi na miwani ya jua kichwani. Hakumsalimia. Alikaa kwenye kiti cha Zakia, akafungua kompyuta yake, akasema bila kumtazama, "Kaa pale kwenye simu ya pembeni. Mimi napiga, wewe pokea. Hilo unaliweza?"

Akapiga kwa simu yake ya mkononi. Taa ya kwanza ikawaka, simu ikalia, Zakia akapokea, akasema haloo, akarudisha simu. Taa ikazimika. Akapiga tena, ikawa vilevile. Mara ya tatu Masudi alimwita mjomba wake aje aone. Haji akasimama mlangoni na tasbihi mkononi.

"Mjomba, mashine nzima. Mashine haina bwana, haina shoga, haipigi soga. Inafanya unachoiambia. Laini ikikaa bize masaa matatu, ujue kuna mtu kaikalia." Akaanza kuandika ripoti yake.

"Hujaijaribu," alisema Zakia.

"Samahani?"

"Umejaribu mimi nikikata. Mteja akikata je? Mteja aliyepokelewa na mashine, akachoka kuisikiliza, akakata mwenyewe. Hiyo umeijaribu?"

Masudi alicheka. "Mjomba, sasa ananifundisha kazi."

Zakia hakungoja ruhusa. Alitoa simu yake, akapiga namba ya ofisi, na simu ya mezani ilipolia akaiacha ilie. Mara ya tano mashine ikapokea. Sauti yake mwenyewe ikamkaribisha sikioni. Akakata. Wote watatu wakatazama kisanduku. Taa ya kwanza iliendelea kuwaka.

"Inachukua muda kidogo," Masudi alisema.

"Ngapi? Dakika moja? Mbili? Tungoje."

Walingoja dakika tano nzima. Nje lori lilikuwa linarudi nyuma yadini, utingo anapiga bodi kwa kiganja na kupiga kelele njoo, njoo, njoo. Taa ilibaki nyekundu. Zakia akapiga mara ya pili, akakata; taa ya pili. Ya tatu. Ya nne. Kisha akaweka simu yake kwenye spika, akapiga mara ya tano, akamnyooshea Haji. Ukasikika ule mlio wa polepole: tuuu, tuuu, tuuu.

"Inatumika," alisema. "Haya. Naongea na nani, Haji? Nitajie jina lake."

Haji aliacha kuhesabu tasbihi. "Masudi?"

"Hilo ni tatizo la kampuni ya simu," Masudi alijibu haraka. "Mtambo wao hautuambii kwamba mteja kakata. Mashine itajuaje? Kawalaumuni wao."

Zakia aliinuka akaenda stoo, akarudi na simu moja ya zamani, ile nyekundu, vumbi limejaa kwenye vitufe. Akachomoa waya wa laini ya kwanza kutoka kwenye kisanduku na kuuchomeka kwenye simu. Akaipigia kwa simu yake ya mkononi, akanyanyua mkono wa simu nyekundu, kisha akakata ya mkononi. Akamwekea Masudi ile nyekundu sikioni kwa nguvu kidogo, mpaka miwani ikacheza.

Tu-tu-tu-tu-tu.

"Unasikia? Mtambo unasema. Unasema sasa hivi. Miaka kumi na minne unaniambia mimi mtu akikata. Ni sanduku lako ndilo lisiloelewa Kiswahili."

Haji alisogea, akasikiliza mwenyewe. Akamrudishia Zakia simu. "Fungua hiyo kompyuta yako," alimwambia mpwa wake, "uigeuzie huku."

Hakutaka kuigeuza, lakini aliigeuza. Kulikuwa na ukurasa wenye orodha ya milio, na juu yake sehemu ya kuchagua nchi. Zakia hakuhitaji shule kuona kwamba nchi iliyoandikwa pale haikuwa hii. Kisanduku kilikuwa kimeachwa kama kilivyotoka kiwandani. Huko kilikotengenezwa, mtu akikata, mtambo hutoa sauti mbili zilizochanganywa. Na kwa miezi mitatu kilikuwa kimekaa Tunduma kikizisubiri sauti hizo mbili, huku laini zikikipigia kelele kwa sauti moja.

"Hukuligusa kabisa hili," Haji alisema.

"Mjomba, watu wengi hawaligusi. Kwa kawaida linafanya kazi lenyewe."

"Kwa kawaida," alirudia Haji.

Masudi akaanza kubonyeza. Nchi yao haikuwemo kwenye orodha, ikabidi aandike tarakimu mwenyewe: ukubwa wa sauti, muda wa mlio, muda wa kimya. Akaandika nusu sekunde mlio, nusu sekunde kimya, akahifadhi, kisanduku kikajizima na kujiwasha. Zakia akarudisha waya kwenye kisanduku, akapiga, akaiacha mashine ipokee, akakata. Taa haikuzimika.

"Umeweka siyo," alisema.

"Nimeweka ya laini inayotumika. Nimeitoa kwenye kitabu chao."

"Ndiyo, umeweka mlio wa mtu anayeongea. Wa kukatiwa siyo ule. Sikiliza." Akachukua kalamu, akaigonga mezani polepole mara sita. "Huu ni wa mtu anayeongea." Kisha akagonga harakaharaka, mara mbili ya mwanzo. "Huu ni wa kukatiwa. Ni robo, siyo nusu. Au masikio umeyaacha Mbeya?"

Masudi alimtazama kwa chuki ya wazi. Lakini aliuchomeka tena waya kwenye simu nyekundu, akaipigia na kukata, akarekodi mlio wake kwa simu yake, akauangalia ulivyojichora kwenye kioo, akaupima. Akarudisha waya kwenye kisanduku. Akafuta nusu, akaandika robo sekunde, mlio na kimya. Akahifadhi.

Zakia akapiga. Mashine ikapokea. Akakata. Moja, mbili, tatu, nne. Taa ikazimika.

Akarudia laini zote. Zote zikazimika. Hakuna aliyemwambia ahsante, naye hakuitegemea.

"Sasa fungua ujumbe uliorekodiwa," alisema. "Wa Ijumaa ile."

"Hauna umuhimu," Masudi alisema, na mkono wake ukaenda kwenye kompyuta kwa haraka iliyomshtua hata mjomba wake.

"Acha," alisema Haji. "Fungua."

Rekodi za siku ile zilikuwa nne. Tatu zilianza jioni ya Alhamisi, baada ya ofisi kufungwa. Watu walipiga, wakaisikia mashine, wakakata, na mashine ikaendelea kurekodi mlio wa kukatiwa usiku kucha kwa sababu hakuna aliyeiwekea kikomo. Ya nne ilianza Ijumaa saa moja na dakika kumi na mbili asubuhi. Ilikuwa na urefu wa saa mbili na dakika arobaini na nane.

Masudi akaibonyeza. Ikatoka sauti ya mwanamke, inahema. "Haloo? Haloo? Dada? Gari lenu limeanguka huku Ndalambo, dereva kabanwa... Haloo? Kuna dada anaongea lakini hanisikii." Kisha, kwa mbali, sauti ya mwanamume inayokokota kila neno: "Huyo ndiye Zakia. Kata, upige tena. Zakia huwa anapokea."

Halafu tu-tu-tu-tu, tu-tu-tu-tu.

Aliko alikuwa amewaambia wakate. Ile laini ya nne ilikuwa ndiyo ya mwisho iliyobaki wazi, na walipokata ili wampigie tena yeye, kisanduku kiliishika. Baada ya hapo hakuna simu ambayo ingepita, hata wangepiga mara mia.

Haji alikuwa wa kwanza kuongea. Alikuwa ametazama zile tarakimu kwa muda, na sauti yake ilirudi kuwa ya mfanyabiashara. "Imekatika saa nne. Ulipozima kisanduku."

"Ndiyo."

"Wewe huingia saa moja na nusu. Getini wanaandika." Akamkazia macho. "Taa uliziona nyekundu. Masaa mawili na nusu mazima ulikuwa unafanya nini?"

Zakia alianza kukunja waya wa simu nyekundu.

"Nakuuliza."

"Ulinikataza kukigusa."

"Nilikukataza. Na miezi mitatu nyuma ulikuwa unakatazwa mangapi ukafanya? Siku hiyo moja ndiyo ukawa mtiifu?" Alitikisa kichwa. "Unaona, Zakia, hii rekodi haimsaidii mtu. Inammaliza Masudi, inaniharibia mimi, na wewe ndiyo inakuzika. Ifute. Zote nne. Barua yako naichana, unarudi kwenye kiti chako, na Judith tutaenda kumwona kwa heshima, tutampelekea chochote. Adhuhuri ikitoka nikute zimefutwa. Ufute wewe mwenyewe, kwa mkono wako."

Wakaondoka kwenda kuswali, mjomba na mpwa, hawasemeshani. Masudi aliacha kompyuta imefungwa kwa nywila, lakini Zakia hakuihitaji. Ujumbe ulisikika pia kwenye simu yake ya mezani kwa kubonyeza tarakimu mbili. Alikaa mbele yake. Alimfikiria Haji, ambaye alimpa kazi alipoachika hana hata kitanda. Alifikiria umri wake, na jinsi Tunduma ilivyojaa wasichana wenye vyeti wanaotafuta nafasi kama yake. Kufuta ilikuwa kubonyeza namba saba tu.

Akaweka simu yake ya mkononi karibu na spika, akawasha kinasa sauti, akabonyeza kusikiliza. "Zakia huwa anapokea." Akahakikisha imeingia. Kisha akafuta zote nne kama alivyoagizwa, akaandika barua ya kuacha kazi ya mistari mitatu, akaiacha juu ya kisanduku pamoja na funguo, akatoka kabla hawajarudi.

Aliko alikuwa amelazwa Vwawa, wodi ya wanaume, kitanda cha karibu na dirisha. Kesho yake Zakia alipoingia, Judith alikuwa anamlisha uji. Judith aliona nani aliyeingia, akaweka bakuli chini.

"Nani kakuruhusu?"

"Hakuna. Nina kitu cha kusikilizwa, nikimaliza naondoka."

"Aseme," alisema Aliko. Alikuwa amekonda, na shuka lilikuwa limelala bapa upande mmoja. Zakia alijilazimisha kutazama usoni.

Akaweka rekodi. Aliko aliposikia sauti yake mwenyewe alifumba macho. Judith alisikiliza mkono ukiwa kifuani, hadi mlio ulipoanza. Zakia akauacha ulie kidogo, kisha akazima, akawaeleza kwa maneno mepesi: kisanduku kilivyowekwa, mlio kisioujua, laini ya nne ilivyoshikwa. Akamtaja Masudi. Akaeleza alivyoagizwa kufuta.

Uso wa Judith ulianza kubadilika. "Kwa hiyo hukuwa unaongea," alisema taratibu. "Watu wamesema uongo."

Hapo ndipo Zakia angeweza kunyamaza. Alijua hivyo. Ule mlango ulikuwa wazi kabisa, na hakuna ambaye angemuuliza zaidi.

"Nilikuwa naongea," alisema. "Na dada yangu, kwa simu yangu ya mkononi. Nimefika saa moja na nusu, nimekuta taa zote zinawaka. Nilijua zikiwaka hivyo simu haziingii. Nilijua pia nikizima kisanduku zinaachia. Nilikuwa nimegombezwa jana yake, nikasusa. Nikaziacha makusudi mpaka saa nne."

Mgonjwa wa kitanda cha pili aliacha kutafuna.

"Uliziona," alisema Aliko.

"Niliziona."

"Nami nawaambia watu pigeni, huwa anapokea. Kila wakirudi kusema inatumika, nawaambia subirini kidogo, yule dada anamaliza sasa hivi." Hakupaza sauti. "Ningewaambia waende kumtafuta mwenye trekta. Alikuwepo mtu mwenye trekta, upande wa pili wa kijiji. Wamemkumbuka saa tano."

"Aliko, nisamehe."

"Toka."

Alipogeuka, Judith alimshika mkono juu ya kiwiko, kucha zikamwingia. "Hiyo sauti hutoki nayo. Nitumie sasa hivi, nione imefika." Zakia akaituma. Judith aliifungua, akasikiliza mwanzo wake, akahakikisha. Ndipo akamwachia.

Shauri alilofungua Aliko dhidi ya ofisi lilisikilizwa miezi miwili baadaye, hukohuko Vwawa, kwenye chumba chenye feni mbovu. Masudi alisema mtambo wa simu ndio wenye kosa. Zakia, aliyeitwa na upande wa Aliko, aligonga meza kwa kalamu mbele ya mwamuzi wa mashauri ya kazi, polepole kisha haraka, na akaeleza tofauti. Wakili wa Haji alimsimamisha saa nzima. Alimuuliza kuhusu chai. Alimuuliza shamba la Kondoa lina ekari ngapi, wamelijadili kwa dakika ngapi, na kama alicheka. Zakia alijibu yote. Alisema ndiyo, alicheka. Haji alikuwa ameketi mbele, na muda wote ule hakumtazama hata mara moja. Masudi alimtazama bila kupepesa.

Uamuzi ulikuwa dhidi ya ofisi. Haji akaamriwa kugharamia matibabu na mguu wa bandia, na kumpa Aliko kazi ya kukaa akipona. Katika uamuzi huohuo aya moja nzima ilimhusu Zakia, na ilisomwa kwa sauti: kwamba alijua hatari ya laini kuziba, akaziacha kwa hasira zake. Watu waligeuka kumtazama.

Nje, chini ya mvua nyembamba, alimkuta Judith akihangaika kufungua mwavuli. Zakia akaushika upande wa pili, ukafunguka.

"Umesema ukweli," Judith alisema. "Bila wewe tusingepata kitu, hilo najua. Lakini tukikutana sokoni usinisalimie, wala mwanangu usimsalimie."

"Nimesikia, mama Tupo."

Zakia alipata kazi kwa wakala mdogo wa forodha, upande wa pili wa barabara ileile, ofisi ya chumba kimoja na simu moja ya mkononi ya kupokezana. Siku ya kwanza tu, alipokwenda kununua mkaa, alimwona Judith anakuja na mwanawe Tupokigwe mgongoni, wanamkabili kabisa. Mtoto alimtambua, akainua mkono kumpungia. Zakia aliinamia gunia la mkaa, akajifanya anachagua, mpaka wakapita.